Regulata ya gesi ya kegi inapanda shinikizo yenyewe usiku: niisafishe, niifumue au niitupe?

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kupika bia nyumbani, na mwaka juzi niliachana na chupa nikahamia kwenye kegi za lita 19, zile ndefu nyembamba ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya sharubati ya soda. Wiki tatu zilizopita nilifanya kosa ambalo nalieleza waziwazi ili nisaidiwe. Nilijaza kegi karibu hadi mdomoni, nikaiwekea gesi ya kabonidayoksaidi kwa psi 30 (kipimo cha shinikizo) kwa siku mbili ili bia ishike povu haraka, kisha nikaishusha regulata, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi ya mtungi, hadi psi 12 bila kuitoa kegi gesi kwanza. Ndani ya kegi shinikizo lilikuwa kubwa kuliko kwenye mpira, kwa hiyo bia ikarudi nyuma kupitia njia ya gesi mpaka kwenye regulata. Niligundua asubuhi, nilipoukuta mpira ambao siku zote ni mweupe umekuwa na rangi ya chai ya rangi.

Tangu siku hiyo geji ya chini haitulii. Naiweka psi 12 kabla ya kulala, asubuhi naikuta 17, na siku moja niliikuta 19. Nilifunga mtungi, nikatoa gesi yote iliyobaki, nikafungua kofia ya regulata. Chini ya kiwambo, kuzunguka kitundu cha valvu, palikuwa na duara la kahawia lililoganda kama asali iliyosahauliwa kwenye kijiko, na kiwambo chenyewe kilibanduka kwa sauti ya plasta inayotolewa kwenye kidonda. Nilisafisha kwa maji ya uvuguvugu, nikaanika siku nzima, nikafunga. Sasa inapanda bado, ila kidogo: 12 inakuwa 15.

Naomba kujua dawa inayofaa kusafishia, kama valvu ya ndani huoshwa au hubadilishwa tu, na kama kuna mtu anayedhani tatizo haliko kwenye regulata kabisa.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Mkuu, kazi yangu ni majokofu na mashine za soda za hoteli, na ugonjwa huu naujua kwa sura. Mafundi tunasema regulata "inatambaa". Ukizungusha kitasa unabana springi, springi inasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma pini, na pini inainua valvu kutoka kwenye siti yake, yaani kikalio inachokizibia, ili gesi ipite. Shinikizo la upande wa chini likifika kiasi ulichotaka, kiwambo kinarudishwa juu na valvu inakaa tena kwenye siti. Yote haya yanategemea valvu kukaa barabara. Nyuma yake kuna takriban bar 58 za mtungi kwenye joto la kawaida la chumba, na mbele yake unataka bar 0.8 tu, ambayo ndiyo psi 12 yako. Punje moja ya sukari iliyoganda kwenye siti inatosha kuacha upenyo ambao gesi itapita polepole usiku kucha.

Maji ya uvuguvugu yameyeyusha sehemu kubwa, ndiyo maana umepata nafuu. Kilichobaki kipo mahali ambapo hukufika. Je, uliitoa valvu yenyewe pamoja na springi yake ndogo ya chini, au uliishia kwenye kiwambo?

Chachu wa Kiambu

Kwanza nimefurahi kusikia kwamba huko Minneapolis kegi ni kitu cha kuheshimiwa kinachowekewa regulata, kwa sababu kwetu Kenya ukisema unakwenda kwenye kegi watu wanauliza tu kama umebeba kikombe.

Pili, mimi siamini geji. Geji hizi ndogo zina kibomba kilichopinda ndani, ambacho hunyooka kidogo shinikizo linapoongezeka na kusukuma sindano. Zikianguka mara moja, au zikipigwa shinikizo kubwa kwa ghafla, sindano haisemi tena ukweli. Na bia ikishaingia ndani ya kibomba hicho na kuganda, utasoma nini? Badilisha geji ya chini kabla hujafumua kitu kingine. Hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Fundi, niliishia kwenye kiwambo. Valvu niliiona kwa juu tu, nikaogopa kuitoa.

Chachu, nimekusikia. Nimeigonga geji kwa kucha, na ikiwa haina gesi sindano inarudi sifuri vizuri.

Binti Kilindini (Leicester)

Shemeji wa kimea, pole. Nami niliwahi kuinywesha regulata yangu bia nyeusi, kwa hiyo nasema niliyofanya mwenyewe.

Funga mtungi, vuta pete ya valvu ya usalama mpaka geji zote mbili zisome sifuri, kisha legeza kitasa kabisa ndipo ufungue kofia. Usiifungue kofia kitasa kikiwa kimebana, kwa sababu springi ile itaruka na hutaiona tena. Toa kiwambo, toa valvu na springi yake. Vyuma vitupu visivyo na geji viloweke nusu saa kwenye maji moto kiasi yaliyotiwa sabuni ya unga ya kusafishia vyombo vya bia, ile yenye oksijeni ndani yake, halafu suuza kwa maji mengi. Usitumie kostiki soda ikiwa kofia yako ni ya alumini, kwani italiwa. Dawa ya kupaushia yenye klorini pia iache, kwa sababu huacha vishimo kwenye chuma cha pua. Geji usiziloweke kamwe: maji yakiingia kwenye kile kibomba alichokisema Chachu hayatoki. Zifute kwa nje, na kwenye mdomo wake tumia kijiti cha pamba.

Mwisho pitisha alkoholi ya isopropili kwenye siti na valvu, uache vikauke penye hewa. Onyo la wakazi wa Uingereza: ile spiriti ya kupaka miguuni inayouzwa madukani siyo badala yake. Ina mafuta ya mbarika ndani. Niliitumia mara ya kwanza, na siti yangu ikabaki na utando ambao ulikusanya vumbi lote la kabati.

Mjomba Spana (Tanga)

Naongezea jambo ambalo dada Kilindini amelisahau, nalo ni hatari. Msipake grisi wala mafuta ya aina yoyote kwenye regulata. Gesi yenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta hulipuka. Nimefanya kazi na mitungi ya kuchomelea miaka mingi.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Mjomba, hapo umechanganya mitungi. Onyo lako ni la kweli kabisa kwa oksijeni, ambayo ikiwa na shinikizo kubwa inaweza kuwasha mafuta bila kiberiti. Kabonidayoksaidi ni gesi ileile inayojazwa kwenye baadhi ya vizimamoto, kwa hiyo haiwezi kuwasha grisi. Sababu ya kutopaka mafuta ovyo hapa ni nyingine: mafuta ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, harufu yake huingia kwenye bia, na hunasa uchafu. Oringi ikihitaji kulainishwa, paka silikoni ya vyombo vya chakula kiasi cha kung'arisha tu. Kwenye uso wa siti usipake kitu chochote.

Mjomba Spana (Tanga)

Nimekubali, fundi. Ila mkono wangu hautakubali kuishika grisi karibu na mtungi, umeshazoea hivyo.

Samaki wa Maskati

Assalaam alaikum. Mimi sipiki bia wala sinywi, lakini nafuga samaki na mimea ya majini, na mimea hiyo hulishwa gesi hiyohiyo kwa regulata hiyohiyo. Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ugonjwa wa regulata kupanda yenyewe uliniulia samaki kumi na mmoja kwa usiku mmoja. Asubuhi niliwakuta juu ya maji, midomo wazi.

Kwangu siti ilikuwa safi. Kilichotokea ni kwamba mtungi ulikuwa unaelekea kuisha. Katika regulata ya hatua moja, shinikizo la mtungi lenyewe husaidia kuikandamiza valvu kwenye siti. Mtungi ukianza kushuka, msaada ule unapungua, na springi ya juu inapata nguvu zaidi, kwa hiyo shinikizo la upande wa chini linapanda ingawa hujagusa kitasa. Mzee wa Kimea, mtungi wako una umri gani tangu ujazwe?

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Wa alaikum salaam, na pole kwa samaki. Mtungi ni wa pauni 5, umejazwa Machi. Geji ya juu inasoma psi 550 hivi, na mwanzoni ilikuwa zaidi ya 800. Kwa hiyo huenda kweli unaisha. Ila regulata yangu ina geji mbili, maana yake ni ya hatua mbili, au sivyo?

Binti Kilindini (Leicester)

Sivyo. Geji mbili ni macho mawili tu: moja linatazama mtungi na jingine linatazama kegi. Hatua mbili maana yake ni kwamba ndani kuna viwambo viwili vinavyofuatana, cha kwanza kikishusha shinikizo hadi kiwango cha kati na cha pili kikimalizia. Regulata nyingi za bia ya nyumbani ni za hatua moja. Kosa hili hata wauzaji hulifanya.

Chachu wa Kiambu

Kuhusu geji ya juu nina kisa. Nilipouingiza mtungi wangu kwenye friji kwa mara ya kwanza, asubuhi geji ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi moja. Nikajua gesi imevuja. Niliubeba mtungi kwa bodaboda hadi kwa wajazaji, yule kijana akaupima kwenye mizani, akanitazama, akaniambia umejaa. Nikarudi nao nyumbani, nimelipa nauli mara mbili ya kumtembeza mtungi.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Chachu, kisa chako ni mfano bora kuliko ule ninaoutumia darasani. Ndani ya mtungi huo sehemu kubwa ni kimiminika, na juu yake kuna mvuke. Maadamu kimiminika kipo, shinikizo hutegemea joto peke yake wala si kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi joto 20 utasoma karibu bar 57, na kwenye friji ya nyuzi 3 utasoma karibu bar 38, hata kama mtungi umejazwa dakika tano zilizopita. Sindano huanza kushuka kwa sababu ya kupungua gesi baada tu ya kimiminika kwisha, na wakati huo umebakiwa na kidogo sana.

Kwa hiyo Mzee wa Kimea, hizo psi 550, ambazo ni bar 38 hivi, zinaniambia tu kwamba mtungi wako umelala kwenye baridi. Upime kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani mwake pamoja na tarehe ya majaribio. Kauli ya bwana Samaki ni sahihi kisayansi, lakini haihusiani na mtungi ambao bado una kimiminika.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Huku kwetu tuna kinyume chake, mwalimu. Mwezi wa Januari mtungi ukiachwa kwenye baraza lenye jua, joto linapita nyuzi 31, na juu ya hapo gesi hii haina kimiminika tena hata uibane vipi. Geji ya juu inapita bar 70 na mteja ananipigia simu akidhani mtungi utapasuka. Namwambia auingize kivulini, auache umesimama. Mtungi usilazwe ukiwa na regulata, kwa sababu kimiminika kikiingia kwenye valvu kinageuka barafu kavu palepale, na siti inapata msukosuko ambao haikuumbwa kuustahimili.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Nimeupima. Zimebaki pauni 3 za gesi. Samaki, nadhani umetoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Mwalimu yuko sawa kuhusu friji pia: mtungi hukaa ndani ya friji.

Samaki wa Maskati

Nimetoka kwa muda. Tutazungumza ukibakiwa na nusu pauni.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Sasa tufanye jaribio badala ya kubishana. Sindano inaweza kupanda kwa sababu gesi inaingia kutoka juu, yaani mtungini, au kwa sababu inarudi kutoka chini, yaani kwenye kegi. Umeshatuambia kwamba regulata yako iliruhusu bia kupita kurudi nyuma, maana yake haina valvu ya njia moja, au inayo lakini imekufa. Kwa hiyo geji ya chini inasoma pia hali ya kegi.

Chomoa mpira kwenye kegi, acha mtungi wazi, weka psi 12, uandike usomaji kila saa kwa usiku mmoja. Usiku unaofuata rudisha kegi, ufanye vilevile. Kabla ya yote pitisha povu la sabuni kwenye viungo vyote.

Mjomba Spana (Tanga)

Kwenye viungo angalieni pia utepe mweupe wa kuzibia nyuzi za parafujo. Kuna watu huuzungusha kwenye nati kubwa ya mtungi, na hapo haufanyi kazi yoyote kwa sababu kinachoziba ni wosha iliyopo kati ya nyuso mbili, wala si nyuzi. Utepe ule unakatika vipande, vipande vinaingia ndani, na vinakwenda kukaa pale pale kwenye siti. Unafaa kwenye nyuzi za geji tu, tena uache nyuzi ya kwanza wazi. Na dada alivyosema utoe geji kabla ya kuloweka, mjue kwamba baadhi ya regulata zina kiungo kimoja chenye nyuzi za kushoto. Ukiona hakilegei, usiongeze urefu wa spana. Jaribu kuzungusha upande wa pili.

Binti Kilindini (Leicester)

Hilo la nyuzi za kushoto ningelijua miaka mitatu iliyopita ningekuwa bado nina regulata yangu ya kwanza.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Matokeo haya hapa.

Kwanza nilifumua kila kitu kama alivyoelekeza dada. Valvu ilitoka, na chini yake kulikuwa na ukoko wa kahawia unaonata upande mmoja tu. Niliuloweka, nikaufuta kwa kijiti cha pamba mpaka kikatoka cheupe. Kwenye kichujio kidogo cha kuingilia nilikuta unyuzi mweupe, mjomba, ambao bila shaka ni utepe. Niliuweka mwenyewe mwaka juzi, kwenye nati kubwa. Msinicheke.

Usiku wa kwanza bila kegi: saa 2 usiku ilikuwa 12, saa 3 ikawa 13 na nusu, saa 5 ikawa 14, na asubuhi saa 12 ilikuwa 14 bado. Usiku wa pili pamoja na kegi: 12, kisha 13, kisha 15, na asubuhi 17. Povu la sabuni halikutoa tundu popote.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Matokeo yanazungumza. Mpira uliozibwa una ujazo mdogo mno. Kama siti ingekuwa inavuja, gesi kidogo tu ingepandisha sindano haraka na kuendelea kuipandisha, kwa sababu haina pa kwenda. Badala yake imepanda mara moja ikasimama kwenye 14. Kegi ina nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo uvujaji uleule ungepandisha sindano polepole zaidi. Kwako imekuwa kinyume: kegi ndiyo iliyopandisha sana. Kwa maoni yangu gesi inatoka kwenye bia.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Mwalimu, hesabu yako ni nzuri lakini inadhani kwamba uchafu unakaa mahali pamoja. Hizo psi 2 za mwanzo nazikubali: regulata yoyote hupanda kidogo mtiririko unapokoma, kwa kuwa valvu inahitaji msukumo wa ziada ili ijikandamize. Hiyo si kasoro. Lakini kila valvu inapofunguka na kufunga, inatua kwenye siti kwa namna tofauti kidogo. Usiku mmoja inatua vizuri, usiku wa pili inatua juu ya alama. Nimeona regulata iliyofaulu majaribio mezani kwangu mara tatu, ikaenda hotelini ikatambaa usiku uleule. Siti ikishaumwa imeumwa. Abadilishe kiwambo, valvu na siti kwa pamoja, huuzwa kama seti moja.

Binti Kilindini (Leicester)

Mimi niko upande wa mwalimu, ila nina swali. Hiyo bia uliiingiza kwenye kegi ikiwa na uzito gani ukilinganisha na maji? Kama uchachuaji haukwisha, hamira inaendelea kula sukari na kutoa gesi, na kegi inajipandisha yenyewe.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Iliingia ikiwa 1.016, dada. Ilianza 1.058. Ni bia ya kahawia yenye kimea cha karameli kwa wingi, kwa hiyo sikushangaa kuona imesimama juu kidogo.

Chachu wa Kiambu

Lakini hamira ya bia ya aina hiyo kwenye nyuzi 3 imelala fofofo. Haiwezi kutoa psi 5 kwa usiku mmoja ndani ya friji. Narudi kwenye geji yangu.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Hapa pana jambo ambalo sikulisema kwa sababu sikudhani lina maana. Usiku wa jaribio la pili kegi haikuwa kwenye friji. Binti yetu amehitimu, nyumba ilikuwa na wageni, na mama watoto aliamua kwamba masufuria ya pilau yana haki zaidi ya friji kuliko bia yangu. Kegi ilishuka chini ya nyumba alasiri, mahali penye nyuzi 17 hivi. Mtungi na regulata navyo vilishuka pamoja nayo.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Mzee!

Bia iliyoshiba gesi kwa psi 12 kwenye nyuzi 3 ikipelekwa kwenye nyuzi 17 inataka zaidi ya psi 25 ili gesi ileile ibaki ndani yake. Kegi ilikuwa inapata joto usiku kucha na bia inaachia gesi. Sindano ilikuwa inakusomea joto la nyumba yako. Hatuhitaji hamira wala siti.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Na zile siku za mwanzo, alipoikuta 17 na 19, kegi ilikuwa wapi? Pilau lilikuwa bado halijapikwa.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Ilikuwa kwenye friji, fundi. Nina hakika.

Mpenda Mbege (Moshi)

Nimesoma uzi huu kuanzia juu. Mbege, bia yetu ya ndizi, haina kiwambo, haina siti, wala haihitaji geji mbili. Inahitaji kibuyu na mtu wa kukushikia usianguke.

Chachu wa Kiambu

Na ikichachuka kupita kiasi, mbege inatumia valvu gani ya usalama?

Mpenda Mbege (Moshi)

Majirani.

Mjomba Spana (Tanga)

Tucheke, lakini mtu asipite bila kusikia hili. Mzee amesema ameshusha mtungi chini ya nyumba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na haina harufu ya kukuonya. Mtungi wa kilo 5 ukimwagika wote unatoa zaidi ya mita 2 na nusu za ujazo. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 kilichofungwa hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya hewa, na kiwango hicho kinaweza kumzimisha mtu kwa dakika chache. Mtungi wako ni mdogo, ni chini ya nusu ya huo, lakini hata nusu inatosha kudhuru. Funga mtungi unapolala kama kegi imeshashiba.

Binti Kilindini (Leicester)

Ushauri mzuri, na una faida ya pili. Ukifunga mtungi usiku, utajua palepale kama gesi inatoka juu au chini, kwa sababu ya juu haitakuwapo. Ila mtu asidanganyike kwa kegi mpya: bia ambayo haijashiba hunywa gesi, sindano itashuka, na utadhani kuna tundu. Nilibadilisha oringi zote za kegi yangu kwa sababu ya hilo, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu.

Tena nunua valvu ya njia moja uiweke kwenye mpira. Iwe regulata ina hatia au haina, hiyo ndiyo ingeizuia bia isipande.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Naunga mkono, ila valvu ile nayo ioshwe. Ikipigwa na bia ikaganda ikiwa wazi, ni kama haipo, na ikiganda ikiwa imefunga, utakuja tena hapa kuuliza kwa nini kegi haipati gesi.

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Narudi baada ya siku tisa. Asanteni nyote.

Kegi imerudi kwenye friji. Valvu ya njia moja nimeweka. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, mtungi ukiwa wazi, sindano ilitoka 12 ikasimama 13. Nilikuwa naandaa ujumbe wa kumpongeza mwalimu. Usiku wa nne ikawa 16. Kegi ilikuwa kwenye friji, friji ilikuwa nyuzi 3, na hakuna pilau.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Siti.

Chachu wa Kiambu

Geji.

Mwalimu wa Fizikia (Arusha)

Una valvu ya njia moja sasa, kwa hiyo kegi haiwezi kusukuma geji isipokuwa valvu hiyo inapitisha. Nakiri kwamba hili linanipunguzia hoja. Je, mlango wa friji ulifunguliwa sana siku hiyo? Mpira wenyewe na gesi iliyozibwa ndani yake vikipata joto, sindano itapanda kidogo, ingawa si psi 3.

Binti Kilindini (Leicester)

Ulipoirudisha valvu baada ya kuiosha, ulihakikisha imekauka ndani ya kile kichujio kidogo cha kuingilia? Unyevu uliobaki huganda regulata inapopitisha gesi nyingi kwa mkupuo, na punje ya barafu kwenye siti inafanya kazi ileile ya punje ya sukari, halafu inayeyuka na kupoteza ushahidi. Siku ya nne ulichota bia nyingi?

Mzee wa Kimea (Minneapolis)

Dada, siku ya nne walikuja jamaa wanne kutazama mpira. Tulichota nyingi.

Seti ya kubadilishia imefika leo. Kabla ya kuifunga niliiweka valvu ya zamani chini ya kioo cha kukuzia, na fundi, ni kweli kuna alama: mfereji mwembamba wa duara, na sehemu moja ya mfereji huo imebonyea zaidi. Nikawa na furaha kwamba nimempata mwizi. Kisha nikaitoa ile mpya kwenye pakiti yake, ambayo haijawahi kuona gesi wala bia, nikaiweka chini ya kioo hichohicho, na nayo ina kibonyeo mahali pamoja.

Fundi Baridi (Dar es Salaam)

Weka picha zote mbili, na uandike ipi ni ipi.

Chachu wa Kiambu

Usiandike ipi ni ipi.